Penalti ya Owori

Jumapili, 15 Juni. Mwezi wa tatu tangu niondoke nyumbani Mulanda.

Mabega yanauma, lakini leo nacheka peke yangu. Mdogo wangu Owori amefunga penalti.

Mechi iliyopita alikosa, na kocha wake kule Tororo akamwambia akikosa tena klabu itamwacha. Asubuhi alinipigia akisema penalti ikitokea atamwachia mwingine. Nikamwambia sisi wapakiaji wa hapa Busia tunapanda lori na gunia begani, juu ya ubao mwembamba. Anayesimama katikati kutazama chini ndiye anayeanguka. Nawe chagua kona kabla hujauweka mpira, halafu usibadilishe.

"Omera, ndugu yangu, gunia halina kipa!" akanicheka.

Jioni akanipigia tena simu: penalti ilitokea. Kipa alimwonyesha kushoto: "Piga hapa kama wewe ni mwanaume!" Owori alikuwa ameshachagua kushoto. Akapiga hapo hapo.

"Sikubadilisha," alisema.

Siku moja atakosa tena, najua, na hilo linanitia hofu. Lakini leo mpira aliuchukua mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Mtu wa hivyo simhofii sana.

Jumamosi wanacheza Tororo. Narudi Ijumaa, nikamwone kwa macho yangu.