Mami Katika Mbao za Kahawa

Gitothua,
Ruiru.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa wifi Nyawira,

Habari za huko Halifax? Naomba barua hii ikukute na nguvu, na ule mgongo uwe umeacha kukusumbua. Watoto wanaendeleaje? Baridi imeanza ama bado mnatoka bila makoti? Sisi huku tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Mimi bado niko saiba na kompyuta na fotokopi zangu, kaka yako Kang'ethe bado anatengeneza vitanda mlango wa pili, na Mami yuko salama kule Kalimoni. Miguu humuuma asubuhi, lakini jua likishatoka hakuna wa kumkalisha.

Najua utashangaa kupata karatasi ilhali tunaongea kwa simu kila wiki. Binamu yako Waruguru anakuja huko, nikaona nimpe akuletee mkononi. Jambo lenyewe ni kubwa kwangu, wifi. Nikilisema kwa simu nalisikia likipungua.

Unajua vile kahawa iling'olewa, lakini hukuona kwa macho. Mami alikuwa ameenda mazishi Murang'a. Kang'ethe, akijua kabisa hatakubaliwa, akaleta tingatinga. Alisema miti imezeeka, haizai tena, na pale patajengwa nyumba za kupangisha. Mami aliporudi alisimama langoni akiangalia udongo mwekundu, mtupu, kutoka kwa nyumba hadi chini mtoni. Hakulia wala hakugomba. Alisema tu, "Na hamkuningoja," akaingia ndani.

Tangu siku hiyo hakumsemesha mwanawe. Tukienda kumwona, mimi alinisalimia, akanipa chai, akaniuliza habari za watu wetu wa Bungoma. Kang'ethe aliketi pale kama kiti kingine cha nyumba.

Vile visiki alivileta hapa Ruiru na pikapu, akavirundika nyuma ya karakana. Hakuvichoma, hakumpa mtu. Siku moja nilimwomba anipasulie kuni, akachukua kimoja akakipitisha kwenye msumeno. Wifi, nimeishi na watu wa kahawa miaka hii yote na sikuwa nimewahi kuona ndani ya mti wenyewe. Nje ni gome la kijivu lililokunjamana. Ndani ni laini, rangi ya siagi, na ukikaribia mizizi rangi inakolea hadi kuwa kama asali. Kang'ethe alikipapasa kwa kidole gumba. Kile kipande hakikufika jikoni.

Sasa, kuna mteja wangu anaitwa Kavindu, mama anayechora mabango kule Kamenu. Alikuja kuprinti kazi yake akanionyesha programu fulani ya kompyuta. Unaipa picha, unaionyesha mbao ulizonazo na rangi zake, nayo inaigawanya picha kuwa miraba na kukuambia kila mraba uwekwe ubao gani. Inakutolea ramani nzima, safu kwa safu, kama mtu anayekusomea mahali pa kushona.

Nikakumbuka ile picha ya zamani ya Mami, akiwa kijana shambani na kikapu cha kuchumia kiunoni, ile uliniomba niiskani nikutumie. Niliona haitafaa. Ni ndogo kama kiberiti, na imefifia. Kumbe programu haihitaji mengi! Picha ikishakuwa miraba, jicho la Mami ni mraba mmoja tu. Nilikodolea kioo macho, sikuona mtu, niliona viraka vya kahawia. Basi nikainuka kwenda kuchukua karatasi mlangoni, nikageuka, na Mami alikuwa ananitazama kutoka kwenye kompyuta. Nikaangusha zile karatasi. Jamaa aliyekuwa akingojea fotokopi akaniuliza, "Mama, uko sawa?"

Nilimwita Kang'ethe. Alisimama pale mlangoni na vumbi lake la mbao.

"Huyo ni Mami," akasema.

"Ni Mami. Na tunaweza kumtengeneza na vile visiki."

Aligeuka akarudi karakana. Kabla sijafunga saiba nilisikia msumeno ukianza.

Nilimkata Mami peke yake kwenye picha, nikaiamuru programu imjenge kwa kahawa tupu, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguu. Majani na vivuli tukavipa mbao za mti wa mukima, za jakaranda, na mabaki ya mahogani ya vitanda. Mwanzoni tulikosea. Nilikuwa nimezipiga mbao picha zikiwa kavu, na tulipozijaribu kwa mafuta ya kung'arisha zote zikabadilika, kivuli na jani vikawa kitu kimoja. Ikabidi nizipake zote kwanza, nizipige picha upya, na kompyuta ichore ramani nyingine. Kang'ethe alikasirika hadi akaenda zake kunywa chai. Alirudi akaendelea kukata.

Kupanga ndiko kulikonishangaza zaidi. Unashika kipande, ni kibao kidogo tu. Ramani inasema kiende hapa, unakiweka, hakuna kinachotokea. Unaweka kingine. Halafu unarudi nyuma hatua chache na kumbe umeweka shavu. Niliwahi kukosea ule mraba wa jicho, nikaweka uliokolea kidogo tu, na mwanamke yule akawa mgeni kabisa, mtu ambaye sijawahi kukutana naye. Nikabadilisha, Mami akarudi. Nilimuuliza Mungu ni wapi hasa mtu anakaa, kama kipande kimoja kidogo cha mti kinaweza kumwondoa na kumrudisha.

Jumamosi iliyopita tukaipeleka picha Kalimoni, tukaiegemeza ukutani nje, upande wa stoo. Mami akatoka na miwani yake, akaenda karibu, pua nusura iguse. Akapapasa.

"Mmeniletea mbao," akaniambia mimi. "Kazi safi. Ni za kuweka wapi?"

Kang'ethe alikuwa nyuma ya pikapu akikunja kamba ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

Mami akakumbuka chai yake iko motoni, akaelekea jikoni. Alipofika mlangoni akageuka aniite, na jina langu likamkatikia mdomoni.

Wifi, nilimwona Mami akijiona. Akavua miwani. Bila miwani ile miraba ilipotea kwake kabisa, akabaki yeye na yule msichana. Akajishika shavu. Chai ikafurika, tukasikia moto ukilia, na hakuna aliyesonga.

"Kang'ethe," akaita. "Hii ni kahawa yangu?"

"Ni yenyewe, Mami. Wewe wote ni kahawa."

Akatembea polepole hadi pale, akaweka kiganja kwenye tumbo la yule msichana, kando ya kikapu. "Hapa nilikuwa na Nyawira," akasema. "Nilikuwa nimekaribia kujifungua. Baba yenu alitaka nilifiche tumbo kwa kikapu, nikakataa." Kisha akanyoosha kidole nje ya picha, kwenye ukuta mtupu. "Na wewe ulikuwa hapa, unalia. Ulikula kahawa mbivu hadi tumbo likakuuma. Hapo nilikuwa nakuambia nyamaza."

"Sikumbuki, Mami."

"Mimi nakumbuka."

Kang'ethe akaenda akasimama pale pale alipoonyeshwa, kando ya picha, mwanamume mzima na ndevu zake, machozi yanamtoka.

Vile vipande vya tumboni, wifi, nilidhani programu imekosea. Vilitokeza mwanga mahali nilipotarajia gauni lianguke wima, nikataka kuvibadilisha. Kang'ethe ndiye aliyesema tufuate ramani. Hakuna kati yetu aliyejua ni wewe.

Sitakudanganya kwamba yote yameisha. Leo baada ya kanisa Mami alimwambia Kang'ethe, "Na hizo nyumba zako usizifikishe mtoni." Lakini alimwambia yeye, usoni. Na yeye akamjibu.

Sikukutumia picha yake kwa simu kwa sababu kwenye simu inakuwa tu ile picha ya zamani; huwezi kujua ni miti. Ukija, usikimbilie kuigusa. Simama kwanza mlangoni pa jikoni, anapopendelea kusimama Mami siku hizi.

Nisalimie Gichuru mumeo na watoto wote. Mami anakusalimu sana, Kang'ethe pia, na Kavindu ambaye hujamjua bado. Mungu akufunike huko uliko, akupe afya na kazi ya amani, na akulete nyumbani tukuone. Mami anasema ukija atakusimamisha kando ya ule ubao akupime na tumbo lake.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda kama wa tumbo moja,

Nekesa