Pakiti Mbili za Maziwa

Naliendele, Mtwara

Mama Tumaini, mke wangu,

Kamwene! Kwa heshima zote, na kwa sauti ya mkuu wa wilaya, natangaza kwamba kofia yangu ngumu ya kiwandani imetwaliwa. Kuku wa mama mwenye nyumba ametagia ndani yake na sasa anaatamia. Nilipojaribu kuidai alinidonoa, na mama mwenye nyumba akaja juu: "Baba, muache mwenzio, yuko uzazini!" Nimesalimu amri.

Nyumbani hamjambo? Mguu wa mama umepoa? Viazi vya kule bondeni vimeshatoka, au bado mnavibembeleza? Ninyi huko Njombe mnaota moto, sisi huku tunaiva kama maandazi. Msimu wa korosho umeanza, upepo wote unanuka mabibo.

Kazi yangu unaijua, kupakia saruji. Mifuko inakuja kwenye mkanda bado ina moto, tunaipokea kifuani na kuipanga kwenye lori. Vumbi linapaa na kutuganda, ikifika jioni hata mimi, na weusi wangu huu unaousema, naitwa mzungu. Barakoa tunapewa, lakini kwa joto hili ukiivaa ni kama umefunikwa chunguni. Wakongwe wanasema dawa ya vumbi ni maziwa, yanasafisha kifua. Kila zamu kila mtu hupewa pakiti moja.

Ninayepakia naye ni Yusufu, Mmakonde wa Ziwani. Maziwa hayapendi kabisa. "Mimi si ndama, baba," husema. Basi tukapatana: barakoa yangu aichukue yeye, abadilishe ile yake ikiloa jasho, na maziwa yake ninywe mimi. Nikamcheka mbele za watu kwamba yeye kapata kitambaa, mimi napata dawa mara mbili. Mumeo mfanyabiashara!

Nisalimie mama, mdogo wangu fundi baiskeli, mama mkwe na mwalimu wa kwaya aliyenifukuza kwa sababu ya sauti yangu mbaya. Tumaini mwambie asome.

Nilitaka kuweka sahihi hapa, nimeshindwa. Uliniuliza kwenye simu kwa nini naongea kwa kukatakata, nikakwambia mtandao mbovu. Mtandao ni mzima, Mama Tumaini.

Wiki iliyopita nilipokea mfuko, magoti yakakunjika. Wenzangu wakashangilia, "Oneni, babu anasujudu, na ni Mkristo!" Nami nilitaka kucheka, pumzi ikakosekana. Yusufu ndiye aliyeruka kutoka juu ya lori na kunipeleka hospitali.

Daktari, binti mdogo tu, aliinua picha ya kifua changu dirishani. "Mzee, unavaa barakoa?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Mimi nakunywa maziwa, daktari. Pakiti mbili."

Nilitamani acheke. Hakucheka. "Maziwa yanakwenda tumboni, mzee. Vumbi limekaa kwenye mapafu." Akasema kovu lililokwisha kushika humo halitoki, na nikirudi kwenye vumbi nisahau kuzeeka. Msimamizi naye kasema kazi isiyo na vumbi kwake hakuna.

Sasa kutoka kitandani hadi chooni napumzika njiani. Nilikuwa nakuficha kwa sababu ya ule mlima wa kupanda hadi nyumbani kwetu. Nilikuwa naona nitakavyokaa chini katikati ya njia, majirani wakipita na matenga ya viazi, nawe umesimama mlangoni unanitazama.

Yusufu huja kila jioni kunichotea maji. Jana aliweka ndoo chini, akashindwa kuniangalia. "Baba, ningejua, nisingeipokea barakoa yako." Nikamwambia nafuu mmoja wetu anapumua. Alipoondoka nililia, mtu mzima na mvi zangu.

Naogopa, mke wangu. Tafadhali umtume mdogo wangu aje anichukue. Peke yangu sifiki hata kituo cha basi.

Mumeo,
Baba Tumaini