Siku ya Mwisho ya Sir Kisiwani

Muraqqabat, Alhamisi, Novemba 2014

Bado nachemka. Yule mteja anayeishi mtaa wa Marina amenifokea mbele ya ofisi nzima: "Wewe hujui hata kuogelea, utanipangiaje mimi safari ya kupiga mbizi?"

Nikajibu tu, "Sawa, sir."

Haya. Kisiwa chake cha Karibi amepata. Lakini aliyepiga mbizi haruhusiwi kupanda ndege mpaka siku nzima ipite, kwa hiyo siku ya mwisho haingii majini. Ningeweza kumwacha alale ufukweni. Nimemwekea ziara ya makumbusho, kutwa nzima kwenye basi, bega kwa bega na mama mkwe wake anayesafiri pamoja naye na mkewe.

Ametia sahihi bila kusoma, akinihimiza kwa Kiarabu kwamba basi, yamekwisha: "Yalla, khalas!"

Mama mkwe nimempigia simu mwenyewe. Amefurahi mno. Anasema ana mengi ya kumwambia.