Kitana Ndani ya Kioo

Jumanne, 5 Machi
Nimechota tena mchanga ufukweni Ujiji, ndoo mbili. Nimeuchekecha, nimeujaza kwenye sanduku. Sanduku juu ya tyubu ya gari iliyojaa upepo, lisitikisike. Stoo ya maabara nimeiziba kwa mablanketi. Leza ipo, dawa za kuoshea picha zipo. Mabamba ya kioo yamebaki matatu. Wanafunzi wanasema mwalimu wa fizikia karukwa na akili. Waseme. Hologramu ikikubali, kitu kinasimama ndani ya kioo kama kilivyo. Ukisogea pembeni unaona ubavu wake, na miwani maalumu huvai.

Nataka kukitia humo kitana cha Bahati. Cha mti, meno saba. Ananisuka nacho kila Jumapili tangu nihamishiwe huku kutoka Singida, miaka minne sasa. Rafiki mwingine sina. Jina lake limetoka kwenye orodha ya wanaorudi Kongo. Meli ni Jumatano ijayo.

Alhamisi, 7 Machi
Bamba la kwanza limeharibika. Malori yanayoshusha wakimbizi bandarini yalipita leza ikiwaka, nikiwa nahesabu sekunde ya kumi na mbili. Mtikisiko mdogo tu, mdogo kuliko unywele, na kioo hakishiki kitu. Nimeyatukana malori. Halafu nikakumbuka yamebeba nani. Aibu.

Ijumaa, 8 Machi
La pili nimeliharibu mwenyewe. Mchanga unatakiwa utulie nusu saa. Nilisubiri dakika tano. Sijui kukaa.

Jumapili, 10 Machi
Bahati kanisuka. Nimemwomba basi nimpige picha ya kawaida, ya kamera. Kakataa. "Balishanipiga picha mingi, mwalimu. Inatosha." Za kambini, za kadi, za mafaili. Nina hasira naye kwa sababu anafurahi kwenda kwao. Ndiyo kweli yenyewe.

Jumatatu, 11 Machi
Saa saba madereva wa malori wanakula samaki wao, migebuka, barabara inapoa. Bahati alitaka kuwepo. Nimemkalisha upande wa pili wa sanduku, karibu na kitana nilichokisimika mchangani, nikamwambia asiguse kitu. Mimi nilisimama kwenye leza, bamba katikati yetu, masikio yote barabarani. Nikahesabu hadi ishirini. Kimya. Akachukua kitana chake akaenda kufunga mizigo.

Bamba nimelifungia gizani. Naogopa kuliosha. Ndilo la mwisho.

Jumatano, 13 Machi
Meli imeondoka. Kidato cha pili nimewafokea bure.

Jumapili, 17 Machi
Nimeliosha. Likakauka, nikalitoa nje juani.

Kitana kimo. Meno yote saba. Nikiinamisha kichwa naona mchanga nyuma yake. Na kando yake pana giza lenye vidole vitano.

Aliweka mkono. Mwenyewe, bila kuombwa. Nilimwambia asiguse na kweli hakugusa. Aliutandaza tu kando ya kitana, akautuliza kadiri alivyoweza. Lakini mkono una damu, haukosi kutikisika, na kinachotikisika kioo hakikichukui. Kimebakiza mahali ulipokuwa.

Nimekaa nacho kizingitini mpaka jua likahama. Nywele zangu leo hazijasukwa.