Gari Limepona Kura Iliponiangukia Mimi

Jumamosi, Nachingwea. Jua la leo halina huruma hata chembe, na mimi nina wivu. Nalisema mapema nisije nikajizungusha.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni mke mkubwa. Mume wangu, Baba Somoe, anauza salfa ya kupulizia mikorosho, na duka lake liko Ruangwa. Huko ndiko anakoishi Rukia, mke mdogo. Tunagawana zamu, na kwenye zamu sijawahi kumlaumu mtu.

Wivu wangu ni wa gari.

Alinunua gari la umeme, jipya kabisa, viti bado vina nailoni. Analilaza Ruangwa kwa sababu huko ndiko alikovuta waya mnene wa kulichajia. Sawa. Lakini gari lenyewe, tuseme ukweli, lilifungwa kiwandani na mtu mwenye haraka. Ukitazama boneti, kulia pengo linaingiza ukucha, kushoto linaingiza kidole. Vumbi la barabarani likajaa hadi kwenye buti. Kisha mlango wa mbele ukaanza: krr, krr, krr. Jipya hilo! Na kwa kuwa bado lina waranti, fundi wa hapa haruhusiwi kuligusa, lazima liende kwa wenyewe, Dar.

Safari ya kwanza akaondoka na Rukia. Eti Rukia ndiye anayeisikia ile kelele vizuri, atawaonyesha mafundi. Kwani mimi masikio yangu ni ya kuvalia hereni tu? Mara mpira wa mlango ukabanduka: Rukia. Mara dashibodi ikatikisika: Rukia tena. Na gari la umeme halifiki Dar kwa pumzi moja. Lazima wasimame Kilwa, wachaji, walale, wale samaki. Rukia akanitumia picha ya huyo samaki, mzima mzima kwenye sahani, na mkono wa Baba Somoe pembeni unakamua ndimu. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani napepeta ufuta. Nikamjibu "Mashallah" na kialama cha moyo. Moyo gani! Nilitamani mwiba umkwame. Astaghfirullah.

Nikamwambia Baba Somoe, mume mwenye wake wawili akitaka kusafiri na mmoja, wanapigiwa kura. Akasema sevisi si safari, ni kazi. Nikamuuliza, mnalala njiani? Tunalala. Basi ni safari hiyo! Kesi nikaipeleka kwa mama mkwe, naye hakupepesa macho: pigeni kura, safari ijayo ajulikane mwenyewe. Wiki iliyopita tukatia korosho mbili kwenye kofia ya Baba Somoe, yangu nimeikwaruza kwa kisu, ya Rukia haina alama, mwenyewe yuko Ruangwa anasikiliza kwenye simu. Mama mkwe akatia mkono, akatoa yangu.

Nilipiga kigelegele. Mtu mzima mimi, nashangilia kuharibika kwa gari. Nikapiga pasi kitenge kipya, nikakiweka juu ya sanduku, tayari kwa Kilwa.

Tangu siku hiyo gari liko kimya.

Leo asubuhi amekuja nalo, zamu yangu imeanza. Nikamwomba tukanunue mihogo njia ya Ruangwa, ingawa mihogo ninayo. Nikaegemeza sikio mlangoni. Kila shimo nasema bismillahi. Kimya. Tulipofika nikaufungua mlango nikaubamiza. Kimya. Nikatafuta ncha ya ule mpira, nikauvuta kidogo. Umeshika. Mafundi wa Dar, Mungu anawaona.

Mchana Rukia akapiga simu.

"Dada, linapiga kelele bado?"

Upole mtupu. Nikamwambia hapana, limetulia. "Alhamdulillah," akasema, haraka mno. Nikajua na yeye huko anaomba dua.

Jioni nikampelekea Baba Somoe chai uani. Alikuwa anafuta vumbi kwenye taa, uso umemchangamka.

"Limetulia sasa," akasema. "Limekuwa kama wewe, Mama Somoe. Tangu nikuoe hujawahi kunisumbua."

Alikuwa ananisifu, maskini.

Gari limekohoa kidogo tu, likapelekwa Dar, likalazwa Kilwa, likaulizwa linaumwa wapi. Mimi nimefunga na kufungua milango ya nyumba ya mume huyu kimya kimya mpaka Somoe naye ameshakuwa na watoto, na mbali nilikofika na baba yake ni Lindi, tena msibani. Nilidhani ninamwonea wivu Rukia. Palepale uani nikagundua nalionea wivu gari.

Nikaweka chai chini.

"Baba Somoe, na mimi nina kasoro."

Akacheka. Aliponitazama vizuri akaacha. Akakitundika kitambaa kwenye kioo cha pembeni, akaniuliza taratibu, "Wapi?"

Nikatafuta pa kuanzia. Mambo ni mengi, na mengine ni ya kabla hata Rukia hajaja. Nikadhani atachukua kitambaa aendelee na taa zake. Hakukichukua. Akavuta kigoda, akakaa, akasubiri.

Nikaanza na yule samaki.