Helikopta Ikinigeukia

Baba Mapacha,

Sisi hatujambo, ila upepo wa huku hautulii, na mimi vilevile. Ile helikopta yako ya rimoti nimeitoa kabatini, kila jioni naenda kujifunza kuirusha nyuma ya karakana. Mama yako ananiuliza kwa nini nisifuge kuku, nao wana mabawa na wanataga.

Ikinipa mgongo naimudu, hata upepo ukivuma. Ikinigeukia tu, kushoto kunakuwa kulia, vidole vinababaika, inaanguka.

Umeandika kwamba unarudi. Watoto hawalali kwa furaha. Mimi tangu uondoke bila kuaga nimezoea mgongo wako. Kwa hiyo ukifika, simama kwanza mlangoni. Sijajua bado kukumudu ukinitazama.

Ni mimi,
Mama Mapacha