Kabla Hujamjibu Shija

Baba, shikamoo. Najua umeitikia, hata kama aliyeshika karatasi ni Minza na wewe uko pembeni unachonga mpini. Hali yako? Mguu bado unakusumbua asubuhi, au dawa ya mama yetu Mayu imeusaidia? Mvua huko zimenyesha au mnaangalia mawingu tu? Huku Runazi mahindi yamebeba, mihogo iko vizuri, maharage ndiyo yameliwa kidogo na wadudu. Ng'ombe wako wazima wote, na yule mwekundu mwenye pembe moja amezaa ndama jike.

Minza, dada yangu, soma polepole na usiruke. Kwenye simu nimeshindwa kusema haya, maana simu ya Baba ikilia nyumba nzima inasikiliza, halafu salio linaisha sijafika kwenye neno lenyewe.

Neno lenyewe ni Shija. Amenipigia. Muda wake wa kujitolea kambini unaisha, na vijana wanaotaka kuingia jeshini moja kwa moja wanatakiwa waseme. Siku nyingine ningefurahi, nani hataki mdogo wake apate ajira. Lakini Baba, redio unasikia kama ninavyosikia. Ile nchi rafiki yetu inasema inataka kuwapiga jirani zake kabla wao hawajaipiga, na inataka tuwe upande wake. Serikali haijasema ndiyo wala hapana. Shija akaniambia, "Kaka, mimi namsubiri Baba tu. Akisema nenda, naenda, hata kama ni huko." Kwa hiyo linalosubiriwa ni jibu lako.

Ngoja nikwambie kibandani kwangu kulivyo. Tangu nijifundishe kutengeneza simu kwa kufungua zilizokufa, watu wanaleta za kuchaji, wanakaa, wanabishana. Na mimi ndiye nilikuwa naongea kuliko wote. Nilisema rafiki ni rafiki, leo yeye kesho sisi, tukimwacha peke yake nani atakuja kwetu? Nilishasoma majina ya ndege za vita kwenye simu, basi nikawa nayataja kama mtu aliyezirusha. Mama Odilia muuza maharage, Mhangaza wa kule Lukole mpakani walikokimbilia wakimbizi, akanikata.

"We fundi, ndege unazijua kwa majina, ila hujui zikishapiga watu wanakimbilia wapi. Wanakuja kwetu. Mimi nilikuwa binti, nimeona watu wanalala juu ya maharage yetu shamba zima, na huwezi kuwafukuza, utawafukuzia wapi?"

Mzee Ngasa akacheka. "Mama, watu wanazungumza nchi, wewe unalilia maharage."

"Na hiyo nchi inakula nini, Ngasa?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ila sikubadilika.

Ngasa unamjua kwa sifa. Ndiye Msukuma mwenzetu aliyetupokea tulipofika na ng'ombe, akatuonyesha pa kujenga na pa kunyweshea. Siwezi kumsema vibaya. Sasa sikia alichofanya juzijuzi.

Mchana, jua kali, tukasikia mwano kutoka kwake. Baba, wewe ni kamanda wa sungusungu tangu sijazaliwa. Umetulea kwamba yowe la mwano likipigwa mwanaume anatoka na silaha, maswali baadaye, na anayebaki nyumbani anatozwa faini na kutengwa, hapewi hata moto wa kuwashia jiko. Nikatoka mbio na fimbo. Tulikuwa wengi. Ngasa anasema wezi wamejikusanya nyuma ya kilima, wana mapanga, wanajipanga waje zizini kwake, tuwawahi. Hakuna aliyeuliza nani kawaona. Tukawawahi.

Baba, walikuwa wanachimba kaburi. Ni Wasubi, wenyeji wa hapa, wamefiwa na bibi yao. Mapanga ya kukatia kuni za msibani, majembe ya kaburi. Walipotuona tunashuka na mishale wakatawanyika, na kila aliyekimbia akaonekana mwizi. Kijana mmoja, Deo, ambaye simu yake huwa inachajiwa kwangu, akachomwa mshale wa paja. Bibi wa watu akabaki kwenye jeneza, kaburi limefika magotini.

Deo yuko hospitali, paja limevimba, bado hajakanyaga chini. Nilikwenda kumwona. Mama yake akaniuliza kwa upole tu, "Na wewe ulikuja?" Nikasema nilikuja. Akanisogezea kigoda.

Tulipokaa kikao, Ngasa akasema, "Mbona mnaniangalia mimi? Mliitwa, mkaja. Hili ni letu wote." Na ni kweli. Aliyerusha ule mshale hana hata ng'ombe wa kuibiwa.

Sasa wenyeji wakituona sokoni wanageuza mazungumzo. Kibandani hawaji. Mama Odilia anakuja, ila hanitanii tena, anachukua simu yake anaondoka, na hiyo ndiyo inaniuma.

Sisemi mwano ni mbaya. Wezi wakiingia zizini kwa Ngasa leo, nitatoka, naapa. Ninachosema ni kwamba siku ile mwizi alikuwa hajafika. Na hawa wa redioni nao wanasema vilevile, tuwawahi. Labda wanaonewa kweli, mimi fundi simu nitajua wapi. Lakini Shija namjua. Atakuwa wa mbele kushuka kilima, kwa sababu tumelelewa hivyo, na hatauliza.

Nisalimie Mayu, mwambie mkwe wake, mke wangu, anamshukuru kwa mbegu za karanga, zimeota. Nisalimie baba mdogo wa mashine ya kusaga, na shangazi Kabula anayesumbuliwa na macho, na shemeji yangu, mume wa Minza, ambaye najua yuko mlangoni anajifanya hasikilizi.

Shija atakupigia Jumapili. Usimwambie nenda, usimwambie usiende. Muulize kwanza, huyo rafiki amevamiwa na nani, na nani amewaona. Akiwa na jibu, mpe baraka zako, mimi nitanyamaza. Akisema hajui, mwambie hata wewe kamanda hujui, na kwamba huku Runazi kuna shamba na kaka yake anahitaji mtu wa kulima naye.

Ni mimi mwanao,
Luhende